Kondoo wa Hazel

Nyumba ya Wazee,
Todmorden.
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpendwa Hazel,

Pokea salamu zangu za upendo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepoa, na kwamba mwanao Darren na wanawe hawajambo huko Halifax. Mimi bado nipo. Daktari alipita Alhamisi, akausikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu, kisha akaniuliza kama nina ndugu ambao ningependa kuwaona. Nilifundisha Kilatini miaka mingi kabla ya kuingia kwenye biashara, na swali linalouliza kitu kingine nalitambua. Muuguzi alijitolea kuniandikia, nikamkatalia. Vumilia mwandiko.

Asante kwa keki ya tangawizi uliyoniletea Pasaka. Nilikula kipande kimoja, wenzangu wakaimaliza, na Bi Enid wa chumba cha jirani anasema ukija mikono mitupu usivuke kizingiti. Lakini Pasaka ile ndiyo inayonisukuma kuandika. Unakumbuka mjukuu wako Kirsty alivyotusimulia kwamba siku hizi kuna watu wazima, wenye mvi zao, wanaozikusanya zile kompyuta ndogo za zamani, wanazitungia michezo mipya, na wanakutana ukumbini kuicheza. Akakuuliza kama ni kweli na wewe uliwahi kutunga mchezo. Ukacheka. Ukasema uliota tu kama wenzako, na kwamba babu Clem alikuokoa usijiaibishe mbele za watu. Kisha ukanipigapiga mkono kwa shukrani.

Kirsty aliniuliza pia kwa nini kampuni ziliziacha kompyuta zile wakati watu walikuwa bado wanazipenda. Nilimjibu kwamba zilizeeka. Lilikuwa jibu la kivivu, na wewe unastahili lililo bora, kwa sababu wakati ule ulikuwa katika chumba cha nyuma unaandika mchezo wako baada ya zamu ya kiwanda cha tofi, nami nilikuwa ofisini kwa Bwana Ogden, mwenye kampuni ya michezo ya kompyuta, kazi yangu kuamua mchezo upi utoke na utoke kwa mashine ipi.

Ilianza madukani. Palikuwa na mama mmoja mjini Leeds, Sheila Crabtree, aliyeagiza michezo kwa niaba ya maduka mengi. Nilimpelekea kaseti zetu za michezo ya majira ya kuchipua, hata hakuzifungua. Alisema, "Clement baba, rafu zangu si makaburi. Kaseti zako zinakaa hapa mpaka zinaota ndevu. Za Kijapani zikiingia asubuhi, mchana zimefagiwa." Nikamwambia kwamba wenye kompyuta zetu bado ni maelfu kwa maelfu. "Ndiyo, na mmoja akinunua, mtaa mzima unanakili kwa redio-kaseti ya mama yake," akajibu, akanimiminia chai kama mtu anayemfariji mfiwa. Michezo ya Kijapani ilifungwa ndani ya kibweta cha plastiki ambacho mtoto hawezi kukinakili, na bei yake ilikuwa mara kadhaa ya kaseti. Kwa mwenye duka hapakuwa na la kufikiria.

Lakini kunakili hakukutuua peke yake, ingawa ndiko tulikokulaumu hadharani. Duka liliagiza kidogo kwa sababu sisi tulitoa michezo michache, na sisi tulitoa michache kwa sababu duka liliagiza kidogo. Magazeti ya michezo yakakonda kwa kukosa matangazo yetu, na mzazi aliyeliona gazeti limekonda akaona heri amnunulie mtoto mashine nyingine. Hakuna aliyetoa amri. Kila mmoja alimtazama mwenzake, na wote tukaanza matanga mgonjwa angali anakunywa uji.

Ndipo ulipoleta mchezo wako. Sijawahi kuuzungumzia nawe tangu wakati huo, kwa hiyo niruhusu niuseme ulivyokuwa. Mchungaji na mbwa wake wako mlimani, juu ya Heptonstall, theluji imefunika kuta na mashimo. Kondoo wamezikwa hai. Mchezaji haoni chochote ila weupe. Lazima asimame, asikilize, atafute kitundu kidogo cha manjano ambapo pumzi ya mnyama imeyeyusha theluji, na kondoo mmoja mmoja ulimpa mlio wake mwenyewe. Katika mashine ambayo kumbukumbu yake isingetosha hata kubeba picha moja ya simu ya Kirsty, ulitia majira ya baridi ya elfu moja mia tisa arobaini na saba, yaliyomnyang'anya Baba kundi lake na shamba.

Nilikuja kwako na jibu wikendi iliyofuata. Ulikuwa umeoka, na Keith wako alikuwa bado hai, akanitania kwamba nikiutajirisha ukoo yeye ataacha kuendesha basi siku hiyohiyo. Nikakwambia kwamba waliojaribu mchezo ofisini walipiga miayo. Nikakwambia mmoja aliuliza kama kuhesabu kondoo si dawa ya usingizi. Nikakwambia, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba una bidii lakini kipaji hakipo. Keith alisimama, akasema, "Shemeji, hata mbwa huambiwa kwa upole kuliko hivyo." Wewe ukamshika mkono aketi, ukanikatia keki. Mwezi mmoja baadaye ukaniambia kaseti zote umerekodia kwaya ya kanisani juu yake, usipoteze tepu bure. Kompyuta ukaiuza. Ukabaki kiwandani mpaka ukastaafu.

Hakuna aliyepiga miayo, Hazel. Maureen wa mapokezi, ambaye hakupenda mchezo wowote na alikaa akifuma sweta siku nzima, aliuwasha kwa kunisaidia tu. Hakwenda kula mchana. Nilimkuta anafuta macho kwa sababu ya kondoo mmoja mzee aliyeacha kulia kabla hajamfikia. Akaniambia, "Clem, huyu aliyeutunga amewahi kufiwa." Bwana Ogden akaucheza pia, na yeye hakuwa mtu wa kusifu. Akasema mashine ile itakufa, haina dawa, lakini tuiage kwa heshima: tutoe mchezo mmoja wa mwisho, na uwe huu. Hata Sheila alikubali kuupa nafasi kwenye rafu. Kila mlango ulikuwa wazi. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba mtungaji amebadili nia, ameuondoa.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ilikuwa huruma. Niliwaona watungaji walioendelea kuiandikia mashine inayokufa, wakikosa kodi ya nyumba, wakingoja simu zisizolia. Nilijua ukionja sifa mara moja hutaiacha, na nikadhani ukivunjika moyo utahamia mashine mpya, kulikokuwa na fedha. Hiyo ni nusu ya kweli, nami nimeishi ndani ya nusu hiyo kama mtu aliyejifungia chumba kimoja cha nyumba.

Nusu nyingine ni hii. Majira yale ya baridi nilikuwa na umri wa miaka saba. Nilichimba theluji kwa koleo la makaa pembeni mwa Baba mpaka viganja vikatoka damu. Hakuwahi kunitajia siku zile hata mara moja, hadi kufa kwake. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Lakini ulipomuuguza uzeeni alikusimulia yote, kondoo kwa kondoo, na majina yao. Nilipoucheza mchezo wako nilisikia kwa mara ya kwanza kile Baba alichokuwa akikisikiliza alipokuwa ameinama, wakati mimi nilimdhania amechoka. Niliona wivu, mdogo wangu. Mzee mzima, msomi, nilimwonea wivu dada yangu kwa sababu ya baba yetu, na nikalizika jambo la pekee alilotuachia.

Siombi unisamehe kwa kuwa nakufa. Huo ungekuwa ujanja mwingine. Ukiwa na hasira, njoo nayo. Wauguzi hufungua mlango saa yoyote kwa ndugu, na masikio yangu bado ni mazima. Ukikaa kimya pia nitaelewa. Ila usinishukuru tena.

Nisalimie Darren, na mwambie kwamba Bi Enid anamngoja aje kurekebisha dirisha alilomwahidi. Wasalimie wanawe wote. Na Kirsty mwambie kwamba bibi yake alitunga mchezo, ukawa mzuri kuliko wote waliopita mezani kwangu. Kama maneno hayo yatakushinda kuyatamka, mpe ukurasa huu ausome mwenyewe, kwa sauti, nawe uwepo.

Mungu akulinde.

Ni mimi kaka yako,
Clement Sugden