Sikumgeuza Mzee

Mwenzangu, leo nimefanya kosa.

Yule mzee wa chumba cha mahututi. Nilimpima mapafu kwa altrasaundi, lakini mbele tu. Alikuwa amepata usingizi, nikaona huruma kumgeuza. Nikamwambia binti yake, "Mapafu ni safi."

Safi! Nilisema safi!

Mchana akabanwa na pumzi. Daktari bingwa akapeleka kifaa ubavuni, kwa nyuma. Maji tele. Akaniambia, "Mtu amelala chali, maji yakae mbele? Huruma yako ingemuua, mwanangu."

Wameyatoa, sasa anapumua.

Nikamfuata binti, nikamwambia ukweli kwamba sikutaka kumwamsha. Akanishika mikono. "Asante, dada daktari. Baba alikuwa hajalala siku nyingi."

Bora angenitukana.