Nimefuata Pensheni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Mabatini hatujambo. Shangazi yako kafungua genge, basi kila siku tunakula nyanya zilizokataliwa na wateja.

Unauliza utaanzaje kumwomba bosi likizo ya uzazi. Nimecheka, maana nami niliwahi kuomba hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, babu yako, afisa wa jeshi la wanamaji, amefariki. Nilifika kwenye dirisha la ofisi ya pensheni nikiwa na woga mpaka nikampa shikamoo karani mdogo kwangu! "Naomba pensheni ya marehemu."

Hakuinua hata macho. "Misaada ni ustawi wa jamii, mama. Mlango wa pili."

Nikashukuru, nikageuka. Mjane mwenzangu wa kutoka Bukoba, mumewe naye mwanamaji, akanidaka mkono. "We Mama Masanja, unaomba nini? Waume zetu walishaifanyia kazi. Rudi, sema umefuata."

Nikarudi. "Nimefuata pensheni ya mume wangu."

Kijana akainua macho, akasimama. "Shikamoo, mama. Karibu kiti."

"Marahaba," nikasema, nikakaa.

Basi kafuate likizo yako. Na wale samaki, sato wa Kirumba, unaoniomba, usiniombe tena. Ukishajifungua, mbebe huyo mtoto, mje muwafuate.

Bibi yako,
Mama Masanja