Kikapu cha Shangazi

Jumanne, jioni

Fomu ya chuo cha uuguzi ninayo, na hapa kwetu hakuna anayejua. Niliifuata leo Nshamba kwa rafiki yangu Anitha. Nyumbani niliaga kwamba naenda kununua sabuni.

Bibi alikuwa anamenya ndizi na mama na wifi. Akaniuliza bila kuinua macho, "Kikapu utarudi nacho, mwana wange?"

Mama alicheka kidogo.

Shangazi Koku, binti yake bibi, aliaga hivyohivyo, anakwenda sokoni na kikapu. Akapanda mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Bumbire na mchuuzi wa samaki, hajarudi hadi leo. Kwetu jina lake halitajwi. Kinatajwa kikapu tu.

Wifi, aliyeolewa juzijuzi kutoka Kaagya, akauliza, "Kwani kikapu kina nini?"

"Menya ndizi, wewe," mama akamwambia.

Mwalimu alituambia huo ni udokezi: unagusa kisa bila kukisimulia, na asiyekijua kinampita. Darasani niliona ni jambo tamu. Hakutufundisha anayekijua ajibu nini. Bibi hajanishtaki kwa lolote, kwa hiyo sina pa kujitetea. Nikisema mimi si shangazi, wataniuliza nani amemtaja shangazi.

Fomu inataka sahihi ya baba kabla ya Ijumaa. Nilitaka kumwomba tulipokuwa tunakula, ila bibi alikuwa amekaa pale pale, na mimi sikumwomba.

Daftari, nimekuambia wewe peke yako. Usiniseme kwa mtu, hata kwa kudokeza.