Mpande Haikaliwi

Lubumbashi, tarehe 4 mwezi wa tatu 1974

Yaya Kalaba,

Dada yangu mkubwa, miguu yako inasemaje, na samaki wa ziwa wanasemaje? Hapa bibi yangu Mukuka na watoto wetu ni wazima. Mimi nazidi kunenepa bila sababu ya maana.

Sasa sikia. Biro yetu, ofisi ya michoro, imeagizwa: kila zone iliyo kando ya ziwa ipate gamba lake rasmi, liwe alama yake, lichapwe kwenye vitambaa vya bikwembe vya maandamano ya mwezi wa tano. Directeur akauliza, "Bantu ya Pweto batavaa nini?" Unajua mudomo wangu, hauna mlango. Nikasimulia mpande ya ukoo wetu, lile gamba jeupe la bahari ambalo babu zetu walilileta kutoka mbali, linalofungwa kwenye paji la mfumu, chifu wetu, siku anaposimikwa tu. Ikachaguliwa palepale.

Wanataka niichore nikiiona, kisha ibaki hapa ndani ya kabati ya kioo. Motokari itapita kwako. Nimeahidiwa kuwa mkubwa wa biro, yaya. Mimi, niliyerudia darasa la nne mara mbili.

Mudogo wako,
Mwape (Alphonse wa zamani, kabla majina ya kizungu hayajakatazwa)

Pweto, tarehe 19 mwezi wa tatu

Mudogo wangu,

Miguu inauma, samaki ni wachache, kichwa changu ni kizima. Hicho cha kwako ndicho kinanitia wasiwasi.

Kikwembe kinafungwa wapi, Mwape? Kiunoni. Na sisi tukichoka sokoni tunakaa chini. Kwa hiyo kitu cha paji la mfumu kiende chini ya matako ya jirani yangu Kapinga, na unamjua Kapinga alivyo mzito? Mpande haikaliwi. Mama aliponiachia niitunze hakusema niiazimishe. Motokari ikuje, irudi na vumbi.

Wamama wa samaki wanasema wataandamana na bikwembe vyao vya zamani.

Yaya wako,
Kalaba

Lubumbashi, tarehe 6 mwezi wa nne

Yaya,

Tuko wazima, ila shati langu halikauki jasho.

Directeur anasema mpande si yetu tena, ni ya taifa. Basi nimepata akili. Zamani wachuuzi waliwauzia wazee mpande za uongo, kitako cha sahani kilichokatwa mviringo. Nikikata sahani ya Mukuka na kuichora hiyo, wewe utabaki na ile ya kweli, mimi na kazi yangu. Nani atajua?

Mudogo wako,
Mwape

Pweto, tarehe 18 mwezi wa nne

Mwape,

Tungali hai.

Motokari ilifika Jumatatu na wanaume watatu. Nikaketi mlangoni. Kapinga akaja kuketi kando yangu, ndipo mlango ukajaa kweli. Mmoja akasema, "Mama, toka, hii iko kazi ya Leta, ya serikali." Nikamwambia, "Leta ndiyo ilinizaa? Mimi niko na kazi ya mama yangu." Wakaondoka. Wanasema watarudi na askari, wakipata kwa maandishi jina la anayekataa.

Unauliza nani atajua. Wewe utajua. Ukiichora, hata ya sahani, usiniandikie tena.

Kalaba

Kasungami, tarehe 2 mwezi wa sita

Yaya Kalaba,

Pole na kimya changu, na mahali hapa pasikushtue. Tunakaa shambani kwa baba mukwe. Ninalima viazi vitamu, na viazi vinanicheka.

Sikuichora. Directeur aliniita. "Citoyen Mwape, mpande iko wapi?"

"Iko kwa benyewe."

"Benyewe ni nani?" Akanisukumia karatasi niandike jina la anayeikatalia Leta.

Nikachukua wino wa kuchorea, ule usiofutika, nikaandika MWAPE, kwa herufi za mabango. Nikazitia na kivuli, maana mpaka saa sita nilikuwa bado mchoraji.

"Lakini hii ni jina yako."

"Ndiyo, chef. Hiyo najua kuiandika."

Bikwembe vya Pweto vilitoka bila gamba, kwa sababu hakuna mwingine pale biro aliyewahi kuiona mpande. Mimi nililala cachot, kifungoni, siku nane. Mgongo umepona, chakula nimekisamehe.

Wakirudi mlangoni kwako, waambie jina wamekwisha kupata.

Mudogo wako,
Mwape