Besi Uliyokuwa Ukiitafuta

Baba Zuhura wangu,

Mdogo wako Hamisi amerudi kutoka safari zake za meli na redio ya kaseti, kubwa kama sanduku la nguo, na betri zake mpya. Ameiacha chumbani kwetu hapa Kariakoo. "Shemeji, ukimya huu utakuumiza," akasema. Nakuandikia wewe kwa sababu nyumba nzima sina mwingine wa kumweleza nilichosikia akanielewa.

Redio yetu ya mbao unaijua. Betri zilipoadimika, hata kwenye duka la ushirika zikawa hazipo, zile kuukuu ulizianika juu ya bati kama dagaa, zikapata nguvu ya nyimbo mbili tatu. Muziki ulitoka ukikoroma. Mimi nilitosheka, nikichambua mchele naimba nao. Wewe hukutosheka hata siku moja. Siku ile ukauchukua mtungi wangu wa maji ya kunywa, ukaumwaga, ukaiweka redio mdomoni mwake, ukachutama na sikio ubavuni.

"Sasa Zuhura atakunywa nini?"

"Subiri kidogo, mama. Besi inakuja."

"Wimbo si ule ule?"

"Ule ule, ila hauna miguu."

Wapangaji wenzetu walicheka mpaka uani. Jumamosi yake ukanipeleka kwenye ukumbi wa dansi. Hatukuingia, tulisimama nje, ukaushika mkono wangu ukaubandika ukutani. Ukuta ulikuwa unatetemeka kwa besi. Ukanitazama usoni ukingoja niseme neno, nami nikasema nimechoka kusimama, twende zetu. Ulininunia njia nzima, na mimi nilicheka njia nzima.

Jana alasiri nilikuwa peke yangu, Zuhura yuko kazini kiwandani. Nikaweka kaseti aliyokuja nayo Hamisi, ya bendi yako ile ya ukumbi wa dansi. Baba Zuhura, kila kitu kilikuwemo. Gitaa moja huku, jingine kule, mwimbaji akivuta pumzi unamsikia. Kisha besi ikaingia, nzito, taratibu, nikaisikia sakafuni kwa nyayo. Nikajua ndiyo hiyo. Umeihangaikia miaka yote ile, na umeondoka haijawahi kulia humu ndani.

Majirani hawana habari. Wimbo wanaoujua watauimba hata ukitoka kwenye kopo, na siwalaumu, nilikuwa mwenzao. Lakini ule mbovu tuliusikiliza wawili. Huu mzuri nausikiliza peke yangu, na kwa kweli unaniumiza. Chumba kimekuwa kikubwa tangu uondoke, na muziki huu unakijaza chote isipokuwa upande wako wa kitanda.

Wimbo ulipokwisha nikageuka kukuambia, haya, umeshinda. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

Pumzika, mume wangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Zuhura