Rafiki Aliniomba Ninyamaze

Kambi ya Marubani,
Hampshire,
14 Novemba 1943

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi binti yako ni mzima, ila vidole vya miguu ndivyo vinavyolalamika kwa baridi ya angani. Nataraji nawe hujambo, kifua kimetulia, na Bi Marged, mtunzaji wa nyumba yetu, bado anakugombeza ukiacha uji ukapoa. Nisalimie majirani wote wa Nantbedw, hasa wachimba makaa, wagonjwa wako wasiokupa nafasi ya kumaliza chakula.

Barua yako niliipata Jumanne. Unasema mafua yameingia bondeni, umechoka, na kwamba daktari kama mimi, aliyesomeshwa miaka saba, hana sababu ya kupeleka ndege huku na huku kama tarishi. Neno hilo limenichekesha, kwa sababu ndivyo tulivyo. Tunazichukua ndege kiwandani, tunawafikishia wapiganaji, kisha tunarudi kwa treni na miavuli yetu ya kurukia mapajani. Hatuna bunduki wala redio. Tuna ramani na macho yetu tu. Wiki iliyopita nilirusha ndege za aina nne, na mojawapo sikuwa nimewahi kuiona. Niliketi ndani yake nikisoma kijitabu cha maelekezo, fundi akanichungulia akauliza, "Dada, ndiyo kwanza unajifunza?" Nikamwambia anisubiri nifike ukurasa wa pili. Alicheka, lakini alirudi nyuma hatua kadhaa.

Sasa nikueleze jambo ambalo nimelibeba tangu Septemba. Unamkumbuka Lettice Ormerod, yule rafiki yangu mrefu, rubani mwenzangu niliyekuja naye Pasaka, aliyekula keki zote za Bi Marged. Hapa kambini wenzangu wakiumwa hupenda kunijia mimi kwanza, maana mganga mkuu wa kambi akiandika jina lako kwenye orodha ya wagonjwa, huruki tena mpaka atakapopenda. Basi siku moja Lettice aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akaniambia kwamba mara mbili akiwa angani giza limemfunika macho kwa sekunde chache, kisha likaondoka.

Nilimpima kwa vifaa nilivyokuwa navyo. Nikamwambia aende kwa mganga mkuu siku hiyo hiyo. Akanishika mkono akasema, "Gwen, ukisema wewe nimekwisha. Nipe mwezi mmoja tu. Mbona kuna wanaoruka na jicho moja?" Ni kweli wapo, Baba, lakini jicho lao hilo moja halizimiki. Nililijua hilo vizuri kabisa. Hata hivyo nilinyamaza, kwa kuwa nilimpenda, na kwa kuwa ningekuwa mimi ningeomba vilevile.

Wiki ya tatu alipeleka ndege kaskazini. Hali ya hewa ilikuwa safi. Alipokuwa akitua aliukosa uwanja, akavamia ukuta wa mawe wa shamba la jirani. Walimtoa akiwa hai, lakini mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Nilipomtembelea hospitalini alitangulia yeye kunipoza. Alisema nisijilaumu, aliyeomba ni yeye. Nikamjibu, "Uliniomba kama rafiki, Lettice. Nilipaswa kukujibu kama daktari." Aligeukia ukutani, kisha akaniomba nimkune kidole cha mguu ambao haupo. Tulicheka, tukalia, nesi akanifukuza.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wetu, Bi Harbottle, nikamweleza yote bila kujitetea. Nilitegemea kufukuzwa. Alinisikiliza mpaka mwisho akitazama dirishani, kisha akasema, "Nina ndege kumi na moja uwanjani na marubani saba. Kukufukuza kutamfurahisha adui tu. Utaruka. Lakini nikisikia tena habari za mgonjwa wako baada ya ajali, usinijie hapa na machozi." Tangu siku hiyo anayenijia na maradhi namwambia kabla hajafungua kinywa kwamba mlango wangu hauna siri. Wawili wameshazuiwa kuruka kwa sababu yangu. Mmoja hanisalimii. Namsalimia mimi.

Baba, hayo yote nimekueleza ili nifike hapa, na sasa moyo unanienda mbio kuliko nikiwa katika ukungu.

Nilipokuja likizo mwezi wa Agosti, nilikuona ukimshona Ifor Beynon mkono. Bi Marged ndiye aliyetunga uzi kwenye sindano. Ulitafuta kidonda kwa ncha ya kidole, na uliposhika chupa ya dawa ulimuuliza Bi Marged kwa sauti ya chini, "Hii ndiyo ile ya kahawia?" Nilitazama macho yako kwenye mwanga wa dirisha, nikauona mtoto wa jicho, pande zote mbili. Nikala chakula cha mchana nikazungumza habari za mvua. Nilikunyamazia wewe kabla sijamnyamazia Lettice.

Sitarudia tena. Nimemwandikia Daktari Emrys Penry, mwanafunzi wako wa zamani. Amekubali kuwahudumia wagonjwa wako kuanzia Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi. Kule Cardiff daktari wa macho atakuona tarehe ishirini na tisa, na ameniahidi kwamba jicho la namna hiyo hupasuliwa na likaona. Sikukuomba ruhusa, kwa maana najua ungeniomba mwezi mmoja tu.

Mimi sirudi kwa sasa. Penry anaweza kutibu mafua. Hawezi kupeleka ndege Uskoti, na wanaoweza hatutoshi. Vita vikiisha nitakuja, nami nitafanya kazi chini yako, ukiniamrisha utakavyo.

Najua utakasirika. Kasirika, Baba, uniandikie maneno makali, nitayasoma yote. Lakini Penry akibisha mlango, mkabidhi funguo za kabati la dawa.

Nibusie Bi Marged, mwambie soksi zake zimeniokolea vidole viwili. Lettice anakusalimu, ameanza kutembea kwa magongo na kuwatukana manesi, dalili njema.

Mungu akuhifadhi mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Gwenllian Prothero