Mvinyo wa Ndizi za Chonyonyo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mgongo unaendeleaje, na baridi ya asubuhi imepungua? Mimi huku Arusha mwili ni mzima. Jumapili kwenye simu maneno yalinikwama, ndiyo maana naandika. Kaka Projest akusomee polepole, asiruke mahali kwa kukuonea huruma.

Unajua naosha chupa kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo. Yule Mama Neema niliyekuambia habari zake ndiye anayechachusha, kazi anaijua. Tulikubaliana tufungue kampuni yetu hapo hapo nyumbani Chonyonyo, tutengeneze mvinyo wa ndizi. Bwana mmoja akasema mtaji atatoa, ila tumpelekee kwanza andiko la biashara.

Basi kila tukitoka kanisani tulikaa chumbani kwa Mama Neema, yeye anasema, mimi naandika. Wateja ni nani, chupa zitatoka wapi, tukishindwa kuuza tutafanya nini. Sehemu nyingine tulizifuta mpaka karatasi ikatoboka. Ya ndizi niliiandika bila kuinua kalamu: kibanja chetu cha migomba, cha mjomba kule Songambele, na vya majirani. Mama Neema akauliza, "Una uhakika?" Nikamwambia hiyo ndiyo sehemu pekee isiyoniumiza kichwa. Nikamsimulia jinsi migomba ilivyoizunguka nyumba yetu mpaka jikoni kuna giza mchana.

Kisha ukapiga simu. "Ugonjwa wa mnyauko umeingia kwenye migomba," ukasema. "Bwana shamba kasema tung'oe yote."

Nikakuuliza, "Hata ile ya kaburini kwa baba?"

"Hiyo nimeing'oa mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine aiguse."



Nilimpigia mjomba. Naye alikuwa ameanza kukata, na majirani zake vilevile. Miadi na yule bwana ilikuwa imeshapangwa, tukaenda hivyo hivyo. Akasoma andiko lote tumekaa mbele yake. Akasema limeandikwa vizuri, na kwa kweli alikuwa amefurahi. Akauliza, "Sasa ndizi za kwanza mnaleta lini?"

Mama Neema akanitazama.

"Hazipo," nikasema. "Zimeng'olewa."

"Za majirani je?"

"Nazo."

Akalikunja, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole msibani. Nje ya geti Mama Neema akanishika bega. "Umri wangu unakwenda, Adventina. Kuna wenzetu wanataka kujaribu mananasi, nitaungana nao." Sikumlaumu. Angekaa anangoja nini?

Kwa hiyo bado naosha chupa. Nilikuambia Krismasi hii narudi moja kwa moja, nije kusimamia kazi yetu. Sitarudi, Mama. Chumba changu mpeni mtoto wa Projest alale. Najua bwana shamba amesema ardhi ipumzike kwanza, ndipo mpande miche mipya, na Projest ananiambia mtapanda. Nimejaribu kuiona hiyo migomba ikiwa imesimama tena. Siioni.

Nisalimie mjomba wa Songambele, umwambie sikumkasirikia, simu ilikatika yenyewe. Msalimie shangazi wa Kimuli aliyetuombea kanisani kwao, wala usimweleze yote. Wifi yangu mwambie ajitunze na huo ujauzito, asiinue vitu vizito.

Projest amenieleza kwamba siku hizi mnakula ugali mchana na jioni, na wewe unaonja kidogo kisha unasema umeshiba. Najua kwako chakula ni ndizi, ugali hukuwahi kuuita chakula. Kula, Mama. Sina jambo jingine la kukuomba.

Ni mimi binti yako,
Adventina